Mdhamini wa kulipwa

Rais Donald Trump aliposaini amri mbili za kupinga washtakiwa kuachiwa bila dhamana ya fedha tarehe 25 Agosti 2025, moja ya jiji la Washington na nyingine ya nchi nzima, habari ilitufikia huku ikiwa imekatwa miguu. Kijiweni ninapokunywa kahawa jioni ilisimuliwa hivi: Marekani mtu akikamatwa anaachiwa tu bila dhamana, sasa Rais kakataa, anataka wawe na dhamana kama sisi. Mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akaunga mkono kwa nguvu zote. "Hata mahakama ya Kisutu," alisema, "huachiwi mpaka uwe na watu wawili." Hakuna aliyembishia, na simlaumu yeyote, maana neno lenyewe ndilo lililotupoteza.

Tunasema dhamana, nao wanasema kitu ambacho tunakitafsiri dhamana, lakini hatuzungumzii jambo moja. Kinachogombaniwa Marekani ni bei ya kulala nyumbani katika wiki ya kwanza baada ya kukamatwa, na ni nani aruhusiwe kuiuza. Na mtu anayetaka kuelewa kwa nini Wamarekani weusi, ambao ni kama asilimia 14 ya wananchi, ni karibu theluthi moja ya wafungwa wa nchi ile, ataona mengi zaidi akiitazama wiki hiyo kuliko akiitazama siku ya hukumu. Siku ya hukumu ina jaji, mawakili na waandishi wa habari. Wiki ya kwanza haina watazamaji, na kesi nyingi huamuliwa humo.

Kwetu Tanzania dhamana ni mtu. Mshtakiwa anakuja na mjomba au jirani mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, hakimu anaulizia anaishi wapi na anafanya kazi gani, mdhamini anasaini bondi ya milioni kadhaa ambazo hatoi hata senti moja isipokuwa ndugu yake akiruka dhamana. Kenya wanatenganisha bondi na dhamana ya pesa taslimu, na hizo pesa taslimu hurudi kesi ikiisha. Sisemi mfumo wetu ni safi. Tuna makosa yasiyo na dhamana kabisa, na nje ya mahakama zetu wapo wadhamini vishoka wanaokodishwa kama viti vya harusi. Lakini wazo lililo chini yake linaeleweka: anayekufahamu anakubebea jina lako.

Marekani hakimu hutaja kiasi. Tuseme dola 2,500. Mwenye nazo anaziweka mahakamani, anakwenda zake, na akihudhuria mpaka mwisho atarudishiwa. Asiye nazo anakwenda kwenye kampuni ya dhamana, ambayo kwa kawaida hutoza asilimia 10 na kumdhamini kwa kiasi kizima. Hizo dola 250 hazirudi. Hazirudi hata mwendesha mashtaka akifuta kesi kesho yake asubuhi na kuomba radhi. Na yule asiye na hata hizo 250 anabaki ndani. Biashara hii ya kudhamini watu kwa faida haipo karibu popote duniani isipokuwa Marekani na Ufilipino. Kwingineko kumlipa mtu akudhamini ni jambo la aibu au ni kosa.

Hata wao hawakuanza hivyo. Sheria waliyoirithi kutoka Uingereza ilimtaka mdhamini awe mtu anayejulikana, na asilipwe. Mambo yalibadilika San Francisco mwaka 1898, ndugu wawili wa ukoo wa McDonough, wenye baa karibu na mahakama, walipogundua kwamba kuwadhamini wateja kwa ada kunalipa kuliko kuwauzia pombe. Katika mji wa wageni waliotoka kila pembe kutafuta riziki, wasio na mjomba wala jirani wa kuwasimamia, biashara hiyo ilikuwa na mantiki yake. Ikasambaa nchi nzima.

Ila Kusini, mdhamini wa kulipwa alikuwa na sura nyingine, na hapa ndipo rangi inapoingia. Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya mwaka 1865, yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai. Majimbo ya Kusini yaliusoma ule mwanya kwa makini kuliko yalivyosoma marufuku. Zikatungwa sheria za uzururaji, mtu mweusi asiye na mkataba wa kazi akawa mhalifu, anatozwa faini asiyoweza kuilipa. Hapo ndipo anapojitokeza mwenye shamba: anamlipia faini, naye mfungwa anasaini kumfanyia kazi mpaka deni liishe.

Kesi ya Ed Rivers wa Alabama imo kwenye kumbukumbu za Mahakama ya Juu na inafaa kusomwa taratibu. Mwezi Mei 1910 alitiwa hatiani kwa wizi mdogo. Faini ilikuwa dola 15, lakini gharama za mahakama zilikuwa dola 43.75, jumla 58.75. Mtu mmoja aliitwa Reynolds akajitokeza kuwa mdhamini, na Rivers akasaini kumfanyia kazi miezi tisa na siku 24 kwa dola sita kwa mwezi. Angekubali kutumikia adhabu ile gerezani angemaliza kwa siku 68. Mwezi uliofuata aliacha kazi. Akakamatwa kwa kuvunja mkataba, akatozwa faini ya senti moja. Senti moja! Gharama za mahakama safari hii zilikuwa dola 87.05, na akajitokeza mdhamini mwingine, na mkataba mwingine wa miezi 14 na nusu. Mwaka 1914 Mahakama ya Juu ilisema mtu huyu amefungwa kwenye gurudumu la utumwa lisiloacha kuzunguka, na ikaufuta utaratibu huo.

Kampuni za dhamana za leo hazikuzaliwa na wenye mashamba wa Alabama, na sitaki msomaji adhani nazifananisha moja kwa moja. Ninachotaka akione ni kwamba nchi ile ina uzoefu mrefu wa kutumia kiasi kidogo cha fedha kumbana mtu mweusi, bila sheria kutaja rangi popote. Karatasi za Ed Rivers zingeweza kusainiwa na mzungu yeyote maskini. Wapo waliosaini. Lakini kila mtu katika kaunti ile alijua zimeandikwa kwa ajili ya nani.

Tuje Houston, mji wa Texas ulio katika kaunti ya Harris. Mwezi Mei 2016 mwanamke aitwaye Maranda ODonnell, mwenye mtoto mdogo, alikamatwa akiendesha gari na leseni isiyo halali. Dhamana yake ikawekwa dola 2,500 na hakuwa nazo. Alikaa ndani siku tatu, na wakili wake akafungua kesi dhidi ya kaunti nzima ya Harris. Kilichodhihirika mahakamani kilikuwa video za watu wakipangiwa dhamana: mshtakiwa amesimama gerezani mbele ya kamera, afisa yuko kwenye skrini, wakili hayupo, na shughuli nzima inachukua dakika moja au mbili. Kiasi kilisomwa kutoka kwenye jedwali, kosa fulani dola kadhaa, kama bei za nauli zilizobandikwa kwenye basi. Mwaka 2017 Jaji Lee Rosenthal, aliyeteuliwa na Rais Bush mkubwa na asiyeweza kuitwa mwanaharakati hata kwa utani, aliamua kwamba kaunti inawafunga watu kwa sababu ya umaskini wao, kinyume cha Katiba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichambua mamia ya maelfu ya kesi ndogo za kaunti hiyohiyo, wakilinganisha walioachiwa na waliobaki ndani kwa makosa ya aina moja. Waliobaki ndani walikuwa na uwezekano wa asilimia 25 zaidi wa kukiri kosa, na asilimia 43 zaidi wa kuhukumiwa kifungo, tena kirefu zaidi ya mara mbili. Ukilitafakari kidogo huoni ajabu. Kosa dogo adhabu yake ni siku kumi, umeshakaa nane, mwendesha mashtaka anakuambia kiri leo utoke leo, ukikataa kesi yako ni mwezi ujao. Kibarua kinakusubiri, au hakikusubiri tena, mtoto yuko kwa jirani. Hata asiye na kosa ana sababu nzuri ya kukiri.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Septemba 2019, Rais Magufuli alipotoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi kukiri, kurejesha fedha na kutoka, mahabusu wengi waliandika barua. Walikuwa kwenye mashtaka yasiyo na dhamana, baadhi yao kwa miaka. Wangapi kati yao walikiri kwa sababu walitenda na wangapi kwa sababu wamechoka, hilo tulilijadili sana wakati ule, kwa sauti ya chini. Marekani mjadala huo ni wa kila siku, kwa sababu zaidi ya hukumu tisa kati ya kumi zinatokana na kukiri kwa makubaliano. Kesi inayosikilizwa na baraza la wazee wa mahakama, ile tunayoiona kwenye filamu, ni nadra.

Kwa nini basi uzito unawaangukia zaidi watu weusi? Wengi huanza kumtafuta hakimu mbaguzi. Yupo, na uchunguzi wa maamuzi ya dhamana ya Miami na Philadelphia umeonyesha upendeleo dhidi ya weusi. Lakini tuseme mahakimu wote wawe malaika. Bado jedwali lile la bei linakutana na akiba ya nyumbani. Mwaka 2022, kwa takwimu za Benki Kuu ya Marekani, familia ya kizungu ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya weusi dola 44,900. Bei moja kwa wote, mifuko haifanani. Na kabla ya jedwali kuna polisi: weusi na wazungu huvuta bangi kwa kiwango kinachokaribiana, lakini weusi wamekuwa wakikamatwa kwa bangi zaidi ya mara tatu kuliko wazungu. Kesi nne kati ya tano katika mahakama za jinai za nchi ile ni za makosa madogo ya namna hii.

Aliyekiri anatoka na rekodi, na rekodi hiyo ndiyo inayonifanya niseme wiki ya kwanza ni kubwa kuliko hukumu. Akikamatwa tena baada ya miaka miwili, hakimu anaangalia karatasi, anaona ana kosa la nyuma, dhamana inapanda. Akishtakiwa kwa kosa zito, kifungo kinarefushwa kwa sababu ya historia yake. Siku ile ya pili jaji anaweza kuwa mwadilifu kabisa, anafuata mwongozo mstari kwa mstari, na bado anaihesabu dhuluma ya mara ya kwanza kama ushahidi wa tabia. Ukiuliza ubaguzi umeingia wapi, kila mmoja atakuonyesha mlango wa mwenzake.

Sasa tuwasikilize wanaoitetea amri ya Agosti, maana hawana hoja moja tu na si wote ni wabaya.

Hoja yao dhaifu ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, kwamba kufuta dhamana ya fedha kumeleta uhalifu. Jiji la Washington lenyewe, lililolengwa na amri, ndilo linaloipinga vizuri kuliko wakili yeyote. Tangu mwaka 1992 sheria ya jiji hilo inamkataza jaji kuweka kiasi ambacho kitamfanya mshtakiwa abaki ndani kwa kukikosa. Mwaka 1991 jiji lilikuwa na mauaji zaidi ya 470. Mwaka 2012 yalikuwa 88. Mwaka 2023 yakapanda hadi 274, mwaka 2024 yakashuka hadi 187. Katazo hilo katika miaka yote hiyo baada ya 1992 ni lilelile, na jambo lisilobadilika haliwezi kuwa sababu ya kitu kinachopanda na kushuka hivyo. Mauaji yalipopanda kwa karibu asilimia 30 nchi nzima mwaka 2020, yalipanda katika majimbo yenye dhamana ya fedha na yasiyo nayo. Hutajwa pia mtu aliyewagonga watu kwa gari kwenye gwaride la Krismasi huko Waukesha, Wisconsin, Novemba 2021, akaua sita. Huyo alikuwa nje kwa dhamana ya dola 1,000. Alizilipa. Ni mfano wa dhamana ya fedha ikifanya kazi kama ilivyopangwa.

Charlotte, North Carolina, ni hoja nzito zaidi. Tarehe 22 Agosti 2025 Iryna Zarutska, mkimbizi kutoka Ukraine, alichomwa kisu ndani ya treni, akafa. Mtuhumiwa alikuwa amekamatwa mara nyingi huko nyuma, ana historia ya maradhi ya akili, na mwezi Januari hakimu alikuwa amemwachia kwa ahadi ya maandishi tu kwamba atarudi mahakamani. Oktoba gavana wa North Carolina akasaini sheria ya kukaza dhamana. Anayesema hasira ile ilikuwa ya kisiasa tupu hajafiwa. Lakini kosa la Januari lilikuwa kutumia vibaya namba ya dharura ya 911, na North Carolina haikuwa imefuta dhamana ya fedha. Hakimu angeweza kuweka kiasi. Angeweka dola 1,000, na mtu yeyote angejitokeza kulipa 100, pale pale ugonjwa wake ungekuwa umetibiwa kwa kitu gani? Aliyehitajika siku ile ni daktari mwenye mamlaka ya kumlaza.

Ndani ya hoja hiyo kuna kiini ninachokikubali bila shida. Wapo washtakiwa ambao hawafai kuachiwa. Na wanaoumia wakiachiwa hovyo ni weusi kwanza, kwani zaidi ya nusu ya wanaouawa Marekani ni watu weusi. Wazee wa makanisa ya weusi na wabunge weusi wengi waliunga mkono sheria kali za jinai za mwaka 1986 na 1994, na hawakufanya hivyo kwa kujichukia. Walikuwa wanazika watoto kila Jumamosi. Mwandishi aliyeko mbali kama mimi akilisahau hilo anakuwa anaandika hadithi ya wema na wabaya. Ila tazama dhamana ya fedha inavyolijibu hitaji hilo: haiulizi kama mtu ni hatari, inauliza kama analo fungu. Muuza dawa za kulevya mkubwa anatoka jioni ileile na mwizi wa nepi anabaki. New Jersey, chini ya gavana wa Republican Chris Christie, iliamua mwaka 2017 kuuliza swali lenyewe. Mwendesha mashtaka akidhani mtu ni hatari, aombe azuiwe, kuwe na kikao, wakili awepo, ushahidi utolewe, na akizuiwa hakuna kiasi kitakachomtoa. Wengine waachiwe. Illinois iliifuata njia ya kufuta fedha kabisa Septemba 2023.

Hapa sasa nageukia upande wangu mwenyewe, maana wanaopinga dhamana ya fedha nao wana jambo wanalopenda kulirukia. New Jersey ilifanikiwa kupunguza idadi ya mahabusu kwa kiasi kikubwa sana, zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache, na uhalifu haukulipuka. Lakini sehemu ya watu weusi katika mahabusu hizo ilikuwa asilimia 54 mwaka 2012, na mwaka 2018, baada ya mageuzi, ilikuwa asilimia 54 ileile. Maelfu ya watu weusi walirudi nyumbani, hilo si dogo. Uwiano haukusogea. Mlango ulipanuliwa kwa wote, lakini foleni iliyokuwa nje ya mlango, ile inayopangwa na polisi na mitaa na rekodi za zamani, ilibaki ilivyokuwa.

Wapo pia waliotaka kumpa kompyuta kazi ya hakimu, iangalie umri, makosa ya nyuma, mahudhurio, itoe alama. Mwaka 2016 waandishi wa chombo cha habari cha ProPublica walichunguza mfumo mmoja wa alama uliotumika kaunti ya Broward, Florida, wakakuta kwamba weusi ambao hawakurudia kosa walikuwa wamepewa alama ya hatari karibu mara mbili ya wazungu wa namna yao. Kompyuta haikuambiwa rangi ya mtu. Iliambiwa amekamatwa mara ngapi, na kwenye nchi ile hilo linatosha.

Basi mtu akisema, kama wanavyosema sasa baadhi ya wachambuzi, kwamba ubaguzi magerezani unaisha wenyewe, ana takwimu za kuonyesha. Mwaka 2000 mtu mweusi alikuwa na uwezekano zaidi ya mara nane wa kuwa kwenye magereza ya majimbo kuliko mzungu. Kufika 2020 ilikuwa karibu mara tano. Idadi ya wafungwa wa majimbo na shirikisho, iliyofika kilele mwaka 2009 ikiwa kama milioni 1.6, imeshuka hadi kama milioni 1.25. Nafurahia namba hizo. Lakini sehemu yake ilitokana na kulegezwa kwa sheria za dawa za kulevya, kama ile ya mwaka 1986 iliyompa mtu wa gramu 5 za kraki, yaani kokeini ya vipande vya kuvuta, adhabu sawa na mtu wa gramu 500 za kokeini ya unga, ambayo Bunge liliipunguza makali mwaka 2010. Uamuzi wa mwanasiasa umeleta nafuu, na uamuzi wa mwanasiasa unaweza kuiondoa. Mwaka 2022 idadi ya wafungwa ilianza kupanda tena kwa mara ya kwanza baada ya karibu muongo mzima. Mwaka 2024 Louisiana ilifuta karibu kabisa utaratibu wa kuachiliwa mapema kwa masharti kwa makosa mapya, na California, jimbo la mrengo wa kushoto kwa sifa, ilipiga kura kukaza adhabu za wizi na dawa.

Amri ya Agosti inatakiwa kusomwa katika mkondo huo. Rais hawezi kubadili sheria ya dhamana ya jimbo kwa saini yake, anajua. Anachoweza ni kumtaka Mwanasheria Mkuu aandike orodha ya majimbo na miji iliyoachana na dhamana ya fedha, kisha wizara zitafute fedha za shirikisho za kuwanyima. Illinois itasimama. Lakini kaunti ndogo ambayo bado inapima kama iige, yenye bajeti inayotegemea ruzuku za Washington, itaona ni busara kusubiri. Kila mwaka watu huingizwa kwenye mahabusu za kaunti zaidi ya mara milioni saba, na siku yoyote ile wako humo zaidi ya laki sita, takriban saba kati ya kumi wakiwa hawajahukumiwa. Kuchelewa kwa kaunti mia mbili tatu ni watu wengi.

Na wamo wa kwetu. Louisville, Columbus, Portland ya Maine, Phoenix, kuna Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania ambao Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na barabarani polisi hamuulizi mtu alifika lini. Kijana akikamatwa Ijumaa usiku, kundi la WhatsApp linaamka, mchango unapitishwa, mmoja anatuma dola 20, mwingine 50, mjomba wa Nairobi anatuma kwa M-Pesa kupitia kwa binamu. Zikifika 500 wanazipeleka kwenye ofisi yenye taa nyekundu mkabala na gereza. Nimewahi kuulizwa na mtu wa kundi kama hilo ni lini pesa zao zitarudi, kwa sababu Mombasa zilirudi. Nilimwambia ukweli, akanyamaza kidogo, akauliza kama basi si heri kijana akiri tu atoke bure.

Nilimsihi amtafute wakili kabla ya kitu kingine chochote. Tangu 2010 Mahakama ya Juu inamtaka wakili wa jinai amweleze mteja asiye raia kama kukiri kutamfukuzisha nchini, na kuna makosa madogo sana, ya kukiri asubuhi na kula chakula cha mchana nyumbani, yanayofukuzisha. Kwa asiye na hati kuna zaidi: sheria iliyosainiwa Januari 2025 inaagiza azuiliwe na idara ya uhamiaji akikamatwa kwa wizi hata wa dukani, kabla ya hatia yoyote. Dhamana ikilipwa, mlango wa kaunti unafunguka, na maafisa wa uhamiaji wako upande wa pili. Asilimia 10 ya kampuni imeshaliwa. Yule ndugu alinipigia tena Jumatatu. Wakili wa umma alikuwa amemwona kijana kwa dakika chache kupitia kioo, akamwambia asisaini chochote, na kikao kingine kimepangwa baada ya siku 19. Kundi lilikuwa linajadiliana kama wachangishe tena.